Mwondoe Kwenye Moshi

Siku niliyoondoka nyumbani na mtoto wa kaka yangu, kahawa ilikuwa bado mbichi mitini. Nakumbuka kwa sababu Mama alisema, "Hata kahawa hungoji?" Sikumjibu. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa kutojibu. Shuleni nilikuwa na majibu nikayaacha mdomoni mpaka mwalimu akaamini sina, na nilipomaliza darasa la saba nisichaguliwe kuendelea, hakuna aliyeshangaa, hata mimi.

Kwetu ni Rombo, upande wa juu, ambako ukungu hulala migombani mpaka jua liwe kali. Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, mimi, na huyo mtoto. Kaka yangu alikuwa utingo wa lori, akafa kwa ajali, na mke wake akaolewa kwingine. Mtoto akabaki kwa bibi yake, kama ilivyo desturi. Alikuwa na dada aliyemtangulia, naye alikufa akiwa na miaka mitatu, kabla ya baba yao. Alikufa kwa kifua. Kwetu husemwa hivyo tu, "kifua," na watu hawaulizi zaidi.

Mtoto naye alipofika mwaka wa tatu kifua kikamwanza. Kilikuwa kinalia kama filimbi ya bua. Mabega yanapanda, shingo inaingia ndani, macho yanakutazama kama vile wewe ndiye umeishika ile pumzi na umekataa kumrudishia. Kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe vilivyomsaidia. Akina mama wa soko la Tarakea walivileta kutoka ng'ambo ya mpaka pamoja na sabuni na mafuta ya kujipaka. Mpaka huo ulipofungwa, sabuni tuliikosa tukazoea. Vidonge hatukuweza kuzoea kuvikosa.

Basi kikimbana, tulifanya tulilolijua. Nyumba ya Mama ilikuwa ya zamani, ya msonge, imeezekwa mpaka chini. Ng'ombe alikaa upande mmoja, kitanda upande mwingine, na katikati mafiga matatu yenye moto ambao Mama alijivunia kwamba haujawahi kuzimika tangu aolewe. Mlimani mtoto mgonjwa hupewa joto. Nilimbeba nikamlaza karibu na mafiga, mgongo wake uelekee kwa ng'ombe maana ng'ombe naye ana joto, nikamfunika blanketi, nikapiga magoti nikapuliza moto. Kuni zikiwa mbichi nilipuliza zaidi. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Mama alisema hakuna mtu nyumbani mwenye pumzi ndefu kama yangu.

Siku moja asubuhi kifua kilikataa kabisa kufunguka. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa khanga ya Mama nikateremka naye mbio mpaka zahanati. Njiani wasichana waliokwenda kuchota maji walinicheka: "Mama mtoto, hujambo?" Nilipita nikiangalia chini.

Mganga wa zahanati alikuwa mgeni, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye sweta mbili. Alimchoma mtoto sindano, akaweka sikio lake kwenye kile kifua kidogo, akasikiliza kwa muda. Halafu akasema maneno ambayo mimi niliyasikia hivi:

"Kijana, huyu mwondoe kwenye Moshi. Unanisikia? Moshi hauwezi huyu. Apate hewa ya wazi. Kwetu Tanga watoto wa namna hii wanalala barazani, na wanapona."

"Ndiyo," nilisema.

"Umeelewa?"

"Ndiyo."

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Aliandika kitu kwenye kadi, akaita mwingine. Nilitoka nje nikaisoma kadi pole pole. Mwandiko wake ulikuwa kama mguu wa kuku. *Aondolewe kwenye moshi.* Niliona m ndogo. Lakini hata jina la mtoto alikuwa ameliandika kwa herufi ndogo, na jina la kijiji pia, nikasema moyoni, huyu ni mtu wa haraka, hajali herufi. Na kwa watu wa pwani, mlima wetu wote ni Moshi. Ukitoka Rombo, ukitoka Machame, wao watasema umetoka Moshi. Sikuona la kuuliza. Na kama ningeliona, nisingeuliza, kwa sababu ya wale watu mlangoni.

Mama hakuwa na Kiswahili kingi. Nilimpelekea maneno ya mganga kwa Kichagga, na katika kuyageuza nilisema, "Anasema tumwondoe mlimani. Baridi inamuua. Tumpeleke Tanga kwenye joto."

Alikuwa akimkatia ng'ombe migomba. Panga likasimama.

"Mlima wote?"

"Wote."

"Hata Moshi mjini? Huko kuna joto. Mjomba wako alipanga Majengo."

"Hata mjini, Mama. Ndiko alikokutaja hasa."

Alikata tena, vipande viwili, vitatu. "Wewe ni kitinda mimba," alisema. "Kihamba hiki, shamba hili la baba yako, ni chako na mimi ni wako. Mtoto wa mwisho hahami. Akihama, mama yake anazikwa na nani?"

"Nitarudi."

"Na ng'ombe atakatiwa na nani?"

Alimtazama mtoto aliyekaa kizingitini, mabega juu, akivuta pumzi kama anavuta kamba yenye mzigo. Kisha akasema, "Dada yake sikumpeleka popote," akaingia ndani. Kesho yake alitufungia ndizi za kuchoma na kipande cha nyama kavu, na ndipo akasema lile la kahawa.

Tulishuka Moshi kwa lori, tukapanda treni ya Tanga. Nilichagua Tanga kwa sababu mganga aliitaja, na kwa sababu mtu mmoja stesheni aliniambia chumba cha Ngamiani, huko Tanga, ni nusu ya chumba cha Majengo, na mashamba ya mkonge yanachukua vibarua bila maswali. Aliyosema yalikuwa kweli. Nilipata kibarua cha kuanika katani nje ya mji, na chumba katika nyumba ya mwanamke mjane, mnene, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akatutazama tulivyoloa jasho.

"Mchagga wewe?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Wenzio waja Tanga kufungua duka. Wewe waja na mtoto mgongoni! Mamake yuko wapi?"

"Mimi ni baba yake mdogo."

"Haya Mangi, ingia. Lakini humu ndani hapikwi, jiko liko uani. Mtoto niachie mie uendapo kazini, usimfungie kama kuku."

Akaendelea kuniita Mangi, na nyumba nzima ikamfuata. Mangi maana yake kwetu ni mtawala, na mimi nilikuwa naomba ruhusa hata ya kuoga. Mtoto hakuona haya kama mimi. Baada ya wiki chache alikuwa anazunguka uani bila shati, anaitwa huku na huku, anakula samaki kwa mikono miwili. Na kifua kikanyamaza. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nikirudi kutoka kuanika, mikono imechanika kwa nyuzi za katani, namkuta anakimbia. Anakimbia! Mlimani hakuwahi kukimbia kutoka mlangoni mpaka kwenye mfereji.

Nilimwandikia Mama barua, asomewe na mtoto wa jirani. Nilisema mganga alikuwa mkweli, joto limemponya, na kwamba siwezi kumrudisha kwenye baridi. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, limeandikwa na mkono wa mtoto: *Ng'ombe amezaa jike. Mimi nipo. Nimeuza ndama kwa kuwa majani sipati. Mwambie mtoto bibi yake hajambo.* Niliisoma nikaiweka chini ya mkeka. Nilijua Mama asingeuza ndama jike kama mgongo ulikuwa unamruhusu kukata majani.

Mtoto alikuwa anasahau Kichagga. Nilimsemesha, akanijibu kwa Kiswahili cha mwenye nyumba, "Sijui wasemaje, Bamdogo." Niliona kwamba namponya na namnyang'anya kwa mkono huo huo. Lakini anapumua, nilijiambia. Anapumua.

Kisha masika yakaingia. Mvua ya Tanga si ya manyunyu kama yetu, inamwagwa. Mchana mmoja sikwenda kazini kwa sababu katani haianikwi kwenye mvua. Uani palijaa maji, mwenye nyumba akahamishia jiko ukumbini, akawasha makumbi ya nazi yaliyoloa. Nyumba ilijaa. Mimi nilikuwa chumbani nimelala. Niliposikia ile filimbi nilidhani naota, nikadhani niko kwetu.

Alikuwa amekaa ukutani, mabega juu, midomo imebadilika rangi. Nguo zilikuwa zinaganda mwilini kwa joto siku ile. Sikufikiri. Nilimbeba, nikamvika blanketi, nikampeleka ukumbini nikamlaza karibu na jiko, nikapiga magoti nikaanza kupuliza.

Mwenye nyumba aligeuka na mwiko mkononi.

"Lahaula! Mangi, wafanya nini?"

"Nampa joto."

"Joto! Wamkausha mtoto kama samaki ng'onda! Toa hapa, toa! Huoni moshi ndio unamuua?"

Alitupa mwiko, akaninyang'anya mtoto, akatoka naye mpaka upenuni, mvua inawarushia matone, akamkalisha wima mapajani na kumfungua kifua. Nilisimama mlangoni na lile blanketi. Aliendelea kunisema, sikumsikia. Nilikuwa nasikia neno moja tu. *Moshi unamuua.* Hakusema Moshi inamuua. Kiswahili tulifundishwa shuleni, na mji hausemwi hivyo, mtu hasemi Moshi umejaa watu. *Moshi hauwezi huyu.* Hauwezi. Mganga alikuwa ameniambia kwa Kiswahili safi, mimi nikasikia jina la kwetu.

Pole pole, pale kwenye hewa ya mvua, mabega ya mtoto yakaanza kushuka.

Nilingoja mpaka akalala, nikatoa kadi. Ile m ilikuwa ndogo vile vile. Nikakumbuka magoti yangu kwenye vumbi la nyumba ya Mama, kuni mbichi, na pumzi yangu ndefu iliyosifiwa. Kila nilipopuliza nilikuwa namwekea mtoto jiwe kifuani. Na nilikuwa nimemwacha mama yangu peke yake miezi yote hiyo kwa sababu sikuthubutu kumwuliza mtu mmoja, "Moshi upi?"

Ilikuwa rahisi kurudi sasa, kama ningeweza kusema. Ng'ombe angejengewa banda. Moto ungetoka nje. Mtoto angekaa kwenye kihamba cha baba zake, na Mama angekuwa na mtu. Lakini ningemwambiaje? Ule moto ulikuwa ndio Mama mwenyewe. Tena kulikuwa na yule msichana, dada yake mtoto, aliyelazwa karibu na mafiga yale yale, na Mama ndiye aliyemlaza.

Tulirudi Desemba, wakati kila Mchagga anaporudi, na hivyo hakuna aliyeniuliza sababu. Mwenye nyumba alimpa mtoto mkeka mdogo, akalia, akanitukana kidogo ili asilie zaidi. Tulipanda mlima jioni mapema. Mama alikuwa amepata habari. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyasi za paa pande zote, kama nyumba inapumua. Alikuwa amewasha moto mkubwa kwa ajili yetu, na kando ya mafiga ametandika ngozi na blanketi jipya.

"Mlete," alisema mlangoni, mikono mbele. Alikuwa amekonda. "Mlete ndani, ametoka kwenye joto, baridi itamshika."

Mtoto alisimama nyuma ya mguu wangu. "Shikamoo Bibi, waonaje hali?" alisema kwa Kiswahili cha pwani. Akakohoa.

"Anasemaje?"

"Anakuamkia."

"Marahaba, mume wangu. Ingia."

Sikusogea. Niliona uso wake unabadilika, anafikiri nimekuja tu kumwonyesha mtoto na kumrudisha.

"Mama, haingii."

"Kwa nini?"

"Nilikosea. Mganga hakusema mlima." Safari hii nilitumia neno lenyewe la Kichagga, la kile kitu kinachotoka kwenye moto. "Alisema hicho. Mimi nikadhani ameutaja mji."

Alitazama nyuma, ndani ya nyumba yake. Akanitazama mimi.

"Mji na hicho, kwa Kiswahili, ni neno moja?"

"Moja."

"Watu gani hao," alisema, "wanaouita mji hivyo." Kisha akaongeza: "Mwaka mzima nimekula peke yangu kwa neno moja."

"Nisamehe, Mama."

"Ndama nimeuza."

"Najua."

Sikuwa nimewahi kuzungumza naye kwa muda mrefu hivyo nikimtazama usoni. Nilidhani yamekwisha. Akaingia ndani, nikamsikia anasogeza kitu, akaniita. Nilimwacha mtoto upenuni juu ya mkeka wake nikaingia nikiinama, macho yakaniwasha mara moja. Alikuwa anaonyesha juu kwenye dari ya fito, mahali anapoweka vitu vyake. "Nishushie lile kopo."

Lilikuwa kopo la kahawa, jeusi kwa masizi. Ndani mlikuwa na rozari iliyokatika, na kadi iliyokunjwa mara nne. Kadi ya msichana.

"Zahanati tu ndiko nilikompeleka, siku moja," alisema. "Kulikuwa na sista. Aliandika. Kaka yako alikuwa safarini, na aliporudi mtoto alishazikwa, akakataa kuitazama. Haijasomwa na mtu. Nisomee."

Siku hizo mimi nilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa najua kusoma. Nililala nyumba hiyo hiyo, chini ya kopo hilo hilo, na hakuna aliyeniomba, nami sikujitokeza.

Nilisogea mlangoni penye mwanga. Sista alikuwa na mwandiko mzuri wa kitabuni, kila herufi imesimama peke yake, kubwa ni kubwa na ndogo ni ndogo. *Mtoto asilale karibu na moto wala moshi. Alazwe nyumba isiyo na mifugo. Arudishwe baada ya siku tatu.* Wino ulikuwa umegeuka kahawia, lakini hakukuwa na neno hata moja la kubahatisha.

"Imeandikwaje?"

Nilisoma mara mbili kimya, ili nipate muda.

"Ni dawa, Mama. Sista ameandika dawa. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, na ya maji kijiko kimoja."

"Basi?"

"Basi."

"Mistari mitatu yote ni dawa?"

"Yote."

Alichukua kadi akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha koponi. "Dawa tulimpa," alisema. "Sista alinipa mkononi, na nilimpa zote."

Usiku ule mimi na mtoto tulilala kwa jirani. Asubuhi tuliporudi, moto ulikuwa umezimwa. Mama alikuwa amevingirisha mafiga yote matatu mpaka nje, chini ya upenu, yamemchubua vidole, na alikuwa ameinama anawasha upya, manyunyu yanamlowesha mgongo. Jirani mmoja aliyepita na majani kichwani akamtania: "Vipi, umefukuzwa nyumbani?" Mama akamjibu, "Mjukuu wangu ametoka pwani. Kama hapikiwi nje kama Waswahili, hali." Wakacheka. Banda la ng'ombe nilimjengea wiki ile.

Tulibaki. Mtoto sasa anakwenda shule, anapanda mlima na wenzake, na kifua kikimbana ni mara moja moja, siku za baridi kali. Mama hupika nje mwaka mzima, hata Julai, na baridi imemwingia magotini. Nimemjengea jiko la mabanzi lakini anaacha mlango wazi.

Sijui anajua nini. Mara moja kwa mwaka, ikifika siku ya kumkumbuka yule msichana, hunituma nishushe kopo, na kusema, "Nisomee." Nami naifungua kadi mbele yake, macho yanapita juu ya maneno ya sista, mdomo unasema mengine. Mwaka jana nilianza na ile dawa ya maji. Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Siku zote huanza na kidonge cha asubuhi," alisema.

"Ndiyo, Mama," nilisema, nikaanza tena kutoka mwanzo.